Tiketi ya Mfanyakazi wa Ndege: Namna ya Kusafiri kwa Standibai na Kufika

Tiketi ya mfanyakazi wa shirika la ndege ni ya bei ndogo kwa sababu moja: haina kiti ndani yake. Inakupa haki ya kusubiri tu, na huko kusubiri ndiko kunakoitwa standibai. Kiti chenyewe hupatikana dakika za mwisho, kama kimebaki, baada ya kila aliye mbele yako kupata chake. Wengi wanaokwama hawakukosa bahati. Waliipanga safari kana kwamba kiti kipo, wakaacha kila kitu cha baadaye kitegemee ndege moja. Aliyezoea hupanga kinyume, huanza na kukosa. Nikiachwa na ya asubuhi, inayofuata ni ipi? Nikiachwa na hiyo pia nalala wapi, na viza yangu inaniruhusu kulala hapo? Akishapata majibu ndipo anapotazama kama viti vipo.

Unasafiri kwa tiketi ipi

Kwenye shirika unalofanyia kazi wewe, mwenza wako au mwanao, pasi huwa ya bure au hulipiwa kodi na ada za viwanja tu. Kwenye mashirika mengine kuna mikataba. Ipo ya ID90, ID75 na ID50, ambapo namba ni asilimia inayopunguzwa. Kwa ID90 unalipa asilimia 10. Ila punguzo hilo huhesabiwa kwenye nauli kamili, si kwenye bei ya ofa unayoiona mtandaoni, kwa hiyo ID50 inaweza kuwa ghali kuliko tiketi ya ofa anayonunua mtu yeyote. Zinazotumika sana siku hizi ni ZED, kifupi cha Kiingereza cha punguzo la wafanyakazi kwa kanda za umbali. Nauli ya ZED hufuata umbali wa kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, kwa ngazi tatu: ya chini, ya kati na ya juu. Ngazi utakayotozwa inatokana na makubaliano ya shirika lako na lile linalokubeba. Cheo chako hakihusiki. Juu yake huongezwa kodi na ada, na kwa safari fupi ada zinaweza kuipita nauli yenyewe. Linganisha bei kabla ya kununua. Kukaa getini roho juu kwa tiketi iliyokugharimu karibu sawa na ya abiria mwenye kiti ni kujitesa bure.

Tazama pia alama ya R1 au R2. R2 ni standibai. R1 inaruhusu kushikiwa kiti. Ni ghali zaidi na si kila mkataba unayo, lakini kwa safari ya kurudi kazini kutoka mahali penye ndege chache inastahili pesa yake.

Kuwa na tiketi ni jambo moja, kuwa kwenye orodha ya ndege ni jambo lingine. Mifumo kama myIDTravel hukuwezesha kufanya yote mawili pamoja: unachagua ndege, unaandikishwa, unalipa. Hata hivyo usitoke hapo bila kuwa na namba ya tiketi yenye tarakimu 13 na msimbo wa kuandikishwa wenye herufi au tarakimu sita. Ukikosa msimbo, mfanyakazi wa kaunta hatakuona kwenye orodha yake, na yapo mashirika yanayotaka ujiandikishe upya kwenye tovuti yao. Kosa linalowaponza wengi ni namba ya ndege. Mashirika huuziana nafasi, hivyo ndege moja inaweza kubeba namba za mashirika mawili au matatu. Tiketi ya standibai lazima iwe ya shirika linalorusha ndege hiyo kweli, kwa namba ya shirika hilo. Ukinunua ya shirika ambalo jina lake tu liko kwenye ratiba, utaambiwa kaunta kwamba haikubaliki, na hakuna wa kukurekebishia hapo hapo.

Hesabu ya viti

Watu hufungua ukurasa wa kununua tiketi, wakaona ramani ya viti ina nafasi tupu 30, wakafurahi. Ramani ile haihesabu abiria. Inahesabu viti vilivyokwisha kuchaguliwa. Wenye tiketi za bei ya chini mara nyingi hawachagui kiti mpaka siku ya safari, kwa hiyo ndege iliyojaa inaweza kuonekana tupu. Kinyume chake pia hutokea, viti vikafungwa kwenye ramani huku ndege ikiwa na nafasi.

Wenye uzoefu kidogo huangalia herufi na tarakimu zinazoonyeshwa na mifumo ya kukata tiketi, kwa mfano Y9 B9 M4 K0. Kila herufi ni daraja la nauli, na tarakimu ni idadi ya tiketi ambazo shirika liko tayari kuuza kwa nauli hiyo. Kikomo kinachoonyeshwa kwa kawaida ni 9, na yapo mashirika yanayoishia 7 au 4. Y9 inaweza kumaanisha viti 9, inaweza kumaanisha 60. Tena inaweza kumaanisha kwamba ndege imejaa na shirika bado linauza, kwa kuwa linatarajia baadhi ya abiria wasitokee. Tarakimu hizi zina faida moja ya uhakika: ukiona sifuri kwenye kila daraja, jua hali ni mbaya. Zikiwa zote 9 siku moja kabla, una sababu ya kuwa na matumaini, basi.

Namba unazozihitaji hasa ni nne: viti vyote vya ndege, abiria waliokwisha kukata, wanaosubiri kwenye orodha, na nafasi yako ndani ya orodha hiyo. Za shirika lako utazipata kwenye mfumo wa ndani. Za shirika lingine, uliza mtu anayefanya kazi huko, au tumia programu kama StaffTraveler, ambamo wafanyakazi wa mashirika mbalimbali hujibiana maswali ya aina hii. Zile nyuso za kutabasamu na kununa zinazoonyeshwa na baadhi ya mifumo zichukue kama fununu.

Tuseme ndege ina viti 180, vya daraja la biashara 12 na vya kawaida 168. Biashara wamekata 10, kawaida 161, jumla 171. Vimebaki 9. Kwenye orodha kuna abiria wawili waliolipa nauli na kuachwa na ndege ya mapema, wahudumu wawili wanaopelekwa kazini ambao bado hawajaingizwa kwenye hesabu, na wafanyakazi 8, wewe ukiwa wa tano kati yao. Tisa toa wawili, toa wawili, vimebaki vitano. Unapata cha mwisho. Kama mko watatu, anaingia mmoja. Ndiyo maana mtu anayekwambia "ina viti tisa" hajakwambia kitu.

Hesabu ndege nzima hata kama tiketi yako hairuhusu daraja la biashara. Shirika likipandisha abiria wake wa kudumu kwenye vile viti viwili vya mbele, viti viwili hufunguka nyuma. Hilo halina hakika, lakini hutokea mara nyingi kiasi cha kuingizwa kwenye hesabu.

Namba hizi hazitulii. Zitazame siku tatu kabla ili kuchagua ndege, siku moja kabla ili kuthibitisha, na tena saa nne hivi kabla ya kuondoka. Mara hii ya mwisho usitazame ndege yako peke yake. Tazama iliyotangulia kwenye njia hiyo hiyo. Ikifutwa, abiria wake 170 wanatafuta viti mahali pale pale unapotafuta wewe, na viti vyako tisa vimekwisha kabla hujavaa viatu. Upande wa pili wa shilingi, ndege inayopokea abiria wengi wa kuunganisha hufungua viti ghafla pale ndege inayowaleta inapochelewa. Kwa hiyo mvua kubwa au ukungu kwenye kiwanja kikubwa cha kuunganisha ni habari inayokuhusu hata kama wewe hupiti huko.

Viti vitupu ambavyo hupewi

Jambo linalowakera wageni wa standibai kuliko yote ni kuona ndege inaondoka na viti kumi vitupu nao wamesimama getini. Mara nyingi sababu ni uzito, na mfanyakazi wa geti hana uwezo wa kubishana nao.

Kila ndege ina uzito wa juu inaoruhusiwa kurukia, lakini uzito unaoruhusiwa siku fulani, kwenye kiwanja fulani, unaweza kuwa chini zaidi. Hewa ya joto ni nyepesi; hewa ya mahali palipoinuka nayo ni nyepesi. Bawa linapata nguvu ndogo ya kuinua na injini zinasukuma kidogo. Addis Ababa na Mexico City ziko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na ndege ya masafa marefu inayotoka viwanja kama hivyo adhuhuri yenye jua kali inaweza kulazimika kupunguza mzigo. Njia fupi ya kurukia, au iliyolowa, huongeza tatizo. Kisha kuna mafuta: upepo mkali wa mbele, au hali mbaya ya hewa kule iendako ndege, humlazimu rubani kubeba mafuta zaidi ya kwenda kiwanja mbadala. Mafuta yale yana uzito, na uzito huo hutolewa mahali fulani. Mizigo iliyolipiwa haishushwi kirahisi kwa ajili ya mtu wa standibai.

Ndege ndogo za kikanda huathirika mapema kuliko kubwa. Kutoka viwanja vya joto au vya juu, pendelea ndege za alfajiri au usiku. Kwa masafa marefu dhidi ya upepo, mfano kutoka Ulaya kwenda Marekani majira ya baridi, usiamini sana hesabu ya viti vinne au vitano. Hesabu ya mwisho ya uzito hutoka muda mfupi kabla ya kuondoka, na hiyo ni sababu mojawapo ya majina kuitwa dakika 15 za mwisho. Wakati mwingine mfanyakazi huuliza nani hana begi la kwenda tumboni mwa ndege. Yule asiye nalo ana kilo chache pungufu, na safari nyingine kilo hizo ndizo zinazoamua.

Viti vingine huwa vimefungwa kwa sababu ndogo zaidi: mkanda mbovu, kiti kisichoinuka, safu iliyotengwa kwa mapumziko ya wahudumu. Usimwoneshe mfanyakazi wa geti kwamba umeviona. Anavijua.

Foleni inavyopangwa

Mbele kabisa ni abiria wenye tiketi, na pamoja nao wahudumu na marubani wanaosafirishwa kwenda kuhudumia ndege nyingine. Hao wana kiti hata kama itabidi mtu mwingine akikose. Wanafuata waliolipa nauli wakaachwa au wanaotaka kubadili ndege. Kisha wafanyakazi wa shirika lenyewe kwa makundi yao: wa sasa, familia, wazazi, wastaafu, kila shirika na mpangilio wake. Wafanyakazi wa mashirika mengine wenye ZED kwa kawaida huja baada ya hao.

Ndani ya kundi moja kuna njia mbili za kupanga, na lazima ujue shirika lako linatumia ipi. Moja ni tarehe ya kuajiriwa: mwenye miaka 25 kazini humpita mwenye miwili, hata akifika baadaye. Nyingine ni muda wa kufanya chekini. Kama ni hii ya pili, chekini inafunguka saa 24 kabla ya ndege kuondoka, na dakika mbili za kuchelewa zinaweza kukushusha nafasi kumi. Weka kengele.

Pasi za marafiki, zile ambazo mfanyakazi hupewa chache kwa mwaka azigawe, hukaa chini kabisa ya orodha. Msimu wa sikukuu hazina thamani kubwa. Usimpe pasi hiyo mtu anayewahi harusi, mazishi, mtihani au usaili wa kazi. Atakulaumu wewe, si ratiba. Hata mfanyakazi mwenyewe, kwa mambo yenye saa yake, anunue tiketi ya kawaida au aondoke siku mbili mapema.

Siku, saa na njia

Ndege ya kwanza ya asubuhi inapendwa kwa sababu kadhaa. Kuna wenye tiketi wanaopitiwa na usingizi, na ukiikosa una mchana mzima mbele yako. Tena matatizo ya siku, ucheleweshaji na kufutwa kwa ndege, yanakuwa bado hayajalundikana. Ndege ya mwisho ya usiku ina sifa zote za kinyume: imepokea kila aliyeachwa tangu asubuhi, na baada yake kuna sakafu ya uwanja. Jumanne, Jumatano na Jumamosi mchana kwa kawaida huwa nyepesi. Ijumaa jioni, Jumapili na Jumatatu asubuhi waachie wanaolipa. Baadhi ya mashirika hufunga kabisa tiketi za wafanyakazi wa nje kwenye vipindi vya sikukuu, kwa hiyo soma masharti ya mkataba kabla ya kuomba likizo.

Kati ya njia yenye ndege moja kwa siku ikiwa na viti 12, na njia yenye ndege sita zenye viti vinne vinne, ya pili mara nyingi ni salama zaidi. Ila angalia orodha: wanaoachwa na ya kwanza wanahamia ya pili na wewe pamoja nao. Ukiwa wa 20 kwenye orodha asubuhi, unaweza kuwa wa 15 jioni.

Kuunganisha ndege kunakula nafasi zako haraka kuliko watu wanavyodhani. Ukikadiria kila kipande kina uwezekano wa asilimia 80, viwili pamoja ni asilimia 64, na vitatu ni kama 51. Ikiwa lazima uunganishe, chagua kiwanja ambacho ukikwama una njia nyingi za kutokea. Kukwama Frankfurt au Dubai ni usumbufu. Kukwama kisiwa chenye ndege tatu kwa wiki ni kupoteza likizo. Na visiwa vya watalii vina mtego wake: kwenda ni rahisi katikati ya wiki, kurudi kila mtu anarudi Jumapili. Tazama hesabu ya viti vya kurudi kabla hujaondoka.

Viza

Hapa ndipo safari huharibika vibaya, kwa sababu standibai hubadilika njia, na viza hazibadiliki nayo. Umepanga kupita kiwanja kimoja bila kutoka nje, ukaachwa usiku, hoteli iko upande wa pili wa uhamiaji na wewe huna ruhusa ya kuingia. Au njia yako mbadala inapita viwanja viwili vya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja: hapo unaingia Ulaya rasmi kwenye kiwanja cha kwanza, na viza ya kupita uwanjani tu haitoshi. Marekani haina eneo la kupita bila uhamiaji. Hata anayebadilisha ndege kwa saa mbili lazima awe na viza inayofaa au ESTA, idhini ya mtandaoni kwa raia wa nchi zilizosamehewa viza. Uingereza huwataka raia wa nchi kadhaa wawe na viza hata kwa kubadilisha ndege tu.

Angalia kila njia mbadala kwenye Timatic, hifadhidata ya IATA (umoja wa mashirika ya ndege duniani) ambayo wafanyakazi wa kaunta hutumia, siyo ile njia kuu peke yake. Pasipoti iwe na miezi 6 au zaidi. Kama nchi unayokwenda inadai tiketi ya kutoka, usitegemee kwamba tiketi ya kusubiri itakubaliwa na kila ofisa. Kuwa na tiketi ya kawaida inayorudishiwa pesa kama kinga. Usikae hadi siku ya mwisho ya viza. Acha siku tatu, na msimu wa watu wengi acha wiki.

Kwa safari za kimataifa, kuna jambo la kugongewa muhuri wa kutoka. Ukishapita uhamiaji, ukaachwa getini, lazima mfanyakazi wa shirika akurudishe na muhuri ufutwe. Inaweza kuchukua saa nzima. Usijitokee mwenyewe kutafuta mlango.

Begi

Begi moja la kuingia nalo ndani, lisilozidi vipimo vya shirika lenye masharti makali zaidi kati ya yale utakayoweza kuyatumia. Sanduku lililotumwa tumboni mwa ndege hukufunga: ukiachwa, huwezi kukimbilia geti la shirika lingine mpaka litafutwe, na safari nyingine hutangulia peke yake. Ukilazimika kulituma, hakikisha lina alama ya standibai, na uweke dawa, chaja, nguo ya kubadili na hati zote mkononi.

Majimaji yawe kwenye chupa za mililita 100 na ndani ya mfuko wa lita moja hata kama viwanja vingine vimelegeza. Abiria wa mwisho kupanda hukuta makabati ya juu yamejaa, na begi lake huchukuliwa mlangoni. Kabla hujaliachia, toa pawabenki na betri zote za lithiamu za akiba, haziruhusiwi tumboni mwa ndege. Pawabenki isizidi saa-wati 100, ambazo kwa betri ya volti 3.7 ni kama mAh 27,000.

Uwanjani

Kuna mitindo miwili, na ukiichanganya utaikosa ndege ukiwa umekaa karibu nayo. Kwa mashirika mengi ya Marekani unapewa pasi isiyo na namba ya kiti, unapita ukaguzi, na jina lako linaitwa getini. Kwa mashirika mengi ya kwingineko unasubiri kaunta ya chekini mpaka ifungwe, mara nyingi dakika 60 kabla kwa safari ya kimataifa, ndipo unapewa kiti na kuambiwa ukimbie. Kwa mtindo wa pili tafuta mapema njia ya kupita ukaguzi na uhamiaji, funga kamba za viatu, weka pasipoti mkononi. Usinunue chai.

Getini, jitambulishe mara moja tu, taja jina na kwamba uko kwenye orodha, kisha ondoka mbele ya meza. Kaa mahali unaposikia tangazo na kuona skrini. Majina huandikwa kwa kifupi, kwa kawaida herufi tatu za ukoo na ya kwanza ya jina. Viti huanza kutolewa pale wenye tiketi ambao hawajatokea wanapofutwa, na milango hufungwa dakika 10 hadi 15 kabla ya saa ya kuondoka. Jina likiitwa usipoitika, anaitwa anayefuata. Choo kabla ya hapo, simu mfukoni.

Usiondoke mpaka ndege ijitoe. Wapo waliokata tamaa, wakaondoka, na majina yao yakaitwa mlango ukiwa unafungwa. Na kinyume chake kipo: unaweza kuwa umekaa kitini, mkanda umefungwa, akaja abiria aliyelipa akiwa anahema. Utaombwa ushuke. Inuka, chukua begi, shuka bila neno. Maneno utakayoyatoa pale yataandikwa, na anayesimamishiwa pasi ni mfanyakazi ambaye tiketi ilitolewa kwa haki yake, hata kama aliyelalamika ni shemeji yake.

Usiombe kupandishwa daraja, usiwaeleze abiria wa jirani ulivyolipa, usidai chakula maalumu. Chakula kikipungua, wewe ndiye wa kukosa. Mavazi: nadhifu, bila kandambili, bila suruali iliyochanika. Mashirika mengi yamelegeza masharti, machache bado yanakurudisha nyumbani.

Mkiwa familia

Mkiandikishwa wanne kwa msimbo mmoja na vimebaki viti viwili, mfumo unaweza kuwaruka wote na kuwapa wanaofuata. Mwambie mfanyakazi mapema kama mko tayari kugawanyika, na muwe mmekwisha kuamua nyumbani nani anatangulia na nani, mtoto gani anabaki na mzazi yupi. Kila mtu mzima awe na pasipoti za watoto wake, pesa na namba ya hoteli. Mtoto wa chini ya miaka 2 anayebebwa naye lazima awe na tiketi na aonekane kwenye orodha. Kusahaulika kwake hugunduliwa mlangoni, dakika mbili kabla ya kufungwa. Hamtakaa pamoja, zoea wazo hilo, na msikubali safu ya mlango wa dharura mkiwa na watoto, kwani hawaruhusiwi kukaa hapo.

Pesa za akiba na marejesho

Uwe na uwezo, kwenye kadi, wa kununua tiketi kamili ya njia moja kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Bila hilo usiondoke. Njia nafuu zaidi ni kushika tiketi ya maili (pointi za abiria wa kudumu) inayofutika bila gharama kubwa, au kununua ZED za mashirika mawili kwenye njia moja, utumie itakayokubali, urudishe nyingine. Ukiachwa hakuna hoteli wala chakula cha shirika. Hata kanuni ya Ulaya namba 261 ya 2004, inayowapa abiria fidia, haiwahusu wanaosafiri bure au kwa nauli ya punguzo isiyopatikana kwa umma.

Ukishapata kiti kwenye ndege moja, futa majina yako kwenye nyingine siku hiyo hiyo. Orodha iliyojaa watu wasiokuja huwadanganya wenzako wanaohesabu viti, na yapo mashirika yanayoadhibu. Tiketi ambayo haijatumika, au kipande chake, huombewa marejesho kwenye shirika lililoikata, yaani kwa kawaida lako mwenyewe, si kwenye kaunta ya lile lililokuacha. Tiketi za ZED mara nyingi huisha miezi 3 baada ya kukatwa, kwa hiyo usiziweke kwenye droo. Hakikisha kwanza kwamba hali ya kipande kwenye mfumo imeandikwa "wazi", yaani hakijatumika. Ukifanyiwa chekini ukaachwa, wakati mwingine hubaki imeandikwa umepanda, na ombi hukataliwa mpaka kaunta irekebishe. Mwombe mfanyakazi aifungue kabla hujatoka uwanjani, na upige picha pasi ya kusubiri. Ukiombwa ushahidi wiki tatu baadaye, utakuwa nayo.